Kupunguza pespeksi bila kuipasua, hasa pale ilipozidi milimita chache tu

Nianze na kosa langu. Nilikuwa natengeneza inkubeta ya nyumbani ya kuangulia mayai, boksi la plaiwudi, balbu mbili, kidhibiti joto na feni ndogo ya kompyuta, na mlangoni nikaacha dirisha la sentimita 40 kwa 30 ili niwe naona mayai bila kufungua, maana kila ukifungua joto linashuka chini ya 37.5 na unyevu wote unakimbia. Nikanunua kipande cha pespeksi (akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) ya unene wa milimita 3 kwa jamaa wa mabango, akanikatia mwenyewe palepale, nafika nyumbani naweka kwenye fremu haiingii. Imezidi milimita 3 upande mmoja. Milimita tatu tu! Nikasema hii kazi ya dakika moja, nikachukua grenda yenye diski ya kukatia chuma nikapita nayo, moshi, harufu kali, plastiki inayeyuka inajirundika ukingoni kama uji uliomwagikia jiko, na nilipofika kwenye kona ikasikika mlio, tah! ufa ukatembea mpaka katikati. Kipande kwisha.

Ndo nikajifunza kwamba kukata pespeksi na kupunguza pespeksi ni kazi mbili tofauti. Kukata shiti kubwa vipande viwili hata mtoto wa form two anaweza ukimwonyesha mara moja. Shida iko kwenye kunyoa kale kaukanda kembamba, na hapo wengi wanaharibu kwa sababu wanatumia njia ileile ya kukatia shiti. Kwa hiyo kabla hujashika chombo chochote jiulize natoa kiasi gani. Ukitoa zaidi ya sentimita 2 na nusu hivi, unachora na kuvunja. Ukitoa zaidi ya milimita 3 mpaka hizo sentimita 2 na nusu, unakata kwa msumeno. Milimita 3 kushuka chini huo hauitwi tena mkato, unapiga randa, tupa na msasa.

KWANZA UJUE UMESHIKA NINI

Dukani ukisema akriliki wengine watakutolea macho, sema pespeksi. Perspex lilikuwa jina la biashara la kampuni ya ICI ya Uingereza tangu miaka ya 1930, yakalikuta yaleyale ya Colgate kuwa jina la kila dawa ya meno. Shiti nzima kwa kawaida ni futi 4 kwa 8, ila kwa kazi ya nyumbani huna haja ya shiti nzima, nenda kwa wanaotengeneza mabango ya maduka, wana mabaki kibao pembeni na mengi watakuachia kwa bei ya kuzungumza.

Shida ni kwamba kwenye rundo la mabaki kuna plastiki za kila aina zinazofanana kwa macho. Kuna polikaboneti, hiyo haivunjiki, utachora utasukuma itapinda tu kama ganda la chungwa na kukurudia. Njia rahisi ya kujua, chukua kijipande cha pembeni ukikunje kwa koleo, akriliki itakatika ghafla, polikaboneti itakunjika. Ukitaka uhakika zaidi toka nje, uwe na ndoo ya maji karibu, washa kipande kidogo kwa kiberiti: akriliki inaendelea kuwaka polepole kwa mwali wenye ubluu chini na moshi kidogo sana, harufu yake ina utamu fulani wa matunda. Ikitoa moshi mweusi wa masizi hiyo sio yenyewe. Usiivute hiyo harufu kwa makusudi sasa, nusa kwa mbali.

Halafu hata akriliki yenyewe iko ya aina mbili, ya kumwagwa kwenye kalibu na ya kusukumwa kwa mashine. Ya kusukumwa ni rahisi kwa bei lakini inayeyuka haraka na inanata kwenye meno ya msumeno. Kama unaona chenga zinatoka kama uzi wa ubigijii ulioyeyuka badala ya unga na vipande vikavu, jua ndo hiyo, punguza spidi yako.

VIFAA

Rula ya chuma, hii usibadilishe na ya plastiki maana kisu kitaila. Skwea. Kisu cha kuchorea pespeksi, kile chenye ncha iliyopinda kama ndoano. Ukikikosa, chukua bledi iliyochakaa ya msumeno wa chuma, ivunje, isage mwisho wake kwenye mashine ya kunolea mpaka upate ndoano ndogo, uwe unaichovya kwenye maji kila baada ya sekunde kadhaa ili chuma kisipoteze ugumu, af zungushia mpini wa kitambaa na selotepu. Mimi natumia hiyohiyo mpaka leo. Cha kukwambia tu ni kwamba kisu hiki hakikati, kinakwangua, kinatoa uzi mwembamba wa plastiki na kuacha mfereji. Kisu cha kawaida cha karatasi ukikitumia kwa upande wa makali kinasukuma plastiki pembeni tu, bora ugeuze utumie ncha ya mgongo wake.

Vingine: klampu mbili au jiliwa, mbao mbili zilizonyooka za mti mgumu, tupa bapa, randa iliyonolewa vizuri, msasa wa maji kuanzia 220 mpaka 1000 au zaidi, maskingi tepu, na chupa ya maji yenye matone ya sabuni ya vyombo. Miwani vaa, kipande cha akriliki kikiruka ni kama kipande cha kioo.

KUPIMA

Usipime dirisha sehemu moja. Fremu za mbao hasa tunazounga wenyewe sio skwea hata ukijiaminisha, pima juu, katikati na chini, halafu kushoto, katikati na kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kisha toa milimita 2, yaani nafasi ya milimita 1 kila upande. Hiyo nafasi sio ya kuficha makosa, akriliki inatanuka na joto kuliko mbao na kuliko kioo, mita moja ikipanda nyuzi 20 inarefuka karibu milimita 1.4. Dirisha la sentimita 40 litarefuka kidogo tu ila ukilibana kabisa ndani ya fremu, siku inkubeta imewaka na nje mvua inanyesha, litavimba katikati au litaanza ufa kwenye skrubu.

Kama fremu imepinda sana tengeneza kiolezo cha katoni kwanza, kikate mpaka kiingie vizuri, halafu kilaze juu ya pespeksi uchore. Katoni ikiharibika hulii.

Na ile karatasi au nailoni ya kinga USIITOE. Narudia kwa sababu kila mtu ana hamu ya kuibandua aone inavyong'aa. Chora juu yake kwa peni nyembamba. Kama imeshatoka, bandika maskingi tepu pande zote mbili kwenye njia ya mkato.

UKITOA KIPANDE KIPANA: CHORA NA UVUNJE

Hii inafaa milimita 2, 3, mpaka 5 kwa wenye subira. Laza shiti kwenye meza iliyonyooka, weka rula ya chuma juu ya mstari, ibane kwa klampu upande mmoja na upande mwingine ishike kwa mkono. Rula iwe juu ya kipande unachokihitaji, ili kisu kikiteleza kichubue kile cha kutupa.

Mikwaruzo miwili mitatu ya mwanzo iwe mepesi kabisa, unavuta kuja kwako, unatafuta njia tu. Mfereji ukishakaa ndo uongeze nguvu. Utasikia kwaruuu na uzi mweupe unajikunja mbele ya ncha, huo uzi ndo dalili kwamba unafanya sawa, ukiona unga tu bila uzi kisu ni butu au umekilaza vibaya. Kwa milimita 3 mimi huwa napitisha mara 8 mpaka 10 mpaka mfereji ufike angalau theluthi ya unene. Wavivu wanapita mara nne wanaenda kuvunja, ufa unaacha mstari unaenda unakotaka wenyewe. Hakikisha pia mfereji unatoka mwanzo kabisa wa ukingo mpaka mwisho kabisa, sentimita moja isiyochorwa mwishoni ndo inayomega kona. Milimita 5 chora pande zote mbili, na mistari ikutane.

Kuvunja: mfereji uangalie juu, uulaze sawasawa na ukingo wa meza, kipande cha kutupa kining'inie nje. Weka ubao juu ya kipande kinachobaki, bana klampu. Sasa sukuma chini kwa viganja vyote, kwa mpigo mmoja, usibembeleze. Ukibembeleza inapinda inapinda inakutisha halafu inakatika vibaya. Ikiwa ndefu kuliko mikono yako weka ubao mwingine juu ya kile cha kutupa usukume ubao, nguvu igawanyike urefu wote.

ZAIDI YA MILIMITA 3 MPAKA SENTIMITA 2 NA NUSU

Hapa ukichora na kuvunja, kaukanda kanakuwa kembamba huna pa kushika. Kuna ujanja, ukanda ukifika sentimita moja au zaidi chora kwa kina mpaka nusu ya unene, chukua ubao uupasue mfereji kwa msumeno upana wa kama milimita 3 hivi, ingiza ukanda ndani ya huo mfereji wa ubao halafu utumie ubao kama mpini wa kuvunjia. Inafanya kazi, ila mara moja kwa tatu inanimegea, kwa hiyo kama kipande ni kimoja na duka liko mbali natumia msumeno.

Msumeno wa mkono wa chuma unatosha kabisa. Tafuta bledi ya meno 24 au 32 kwa inchi, namba imeandikwa kwenye bledi yenyewe. Bana pespeksi katikati ya mbao mbili au plaiwudi mbili karibu kabisa na mstari, maana kinachopasua akriliki ni kutetemeka kuliko meno yenyewe. Laza msumeno karibu na usawa wa shiti, pole pole, uzito wa msumeno unatosha usikandamize, na kila baada ya muda dondoshea maji ya sabuni. Kata milimita moja NJE ya mstari, hiyo milimita utaimaliza kwa randa.

Mwenye jigsoo, ule msumeno wa umeme wa mkono, sawa, ila zima ule mchezo wa bledi kuyumba mbele na nyuma, weka bledi ya meno madogo ya plastiki au chuma, spidi ya chini mpaka ya kati. Akriliki inalainika kuanzia nyuzi 100 hivi, joto ambalo bledi inayokwenda kasi inalifikia fasta. Kuna kituko ambacho usipokiona hutaamini, unakata sentimita 20 unafurahi, unazima mashine, unakuta nyuma ya bledi mkato umejiunga tena wenyewe, plastiki iliyoyeyuka imeganda. Ukisikia sauti ya bledi imebadilika inakuwa nzito, simama, ngoja ipoe, nyunyizia maji kidogo ila angalia umeme na maji visikutane, kwa jigsoo ya waya mimi naweka tepu tu juu ya mstari na kupumzika mara kwa mara badala ya maji.

Sakula ya mezani, yaani msumeno wa duara wa umeme, yenye bledi ya meno 60 hadi 80 ndo inakata vizuri kuliko zote lakini kwa ukanda mwembamba wa upande mmoja sikushauri kama hujaizoea. Na grenda nimeshasema. Grenda iache kwenye nondo.

MILIMITA 3 KUSHUKA CHINI, HAPA NDO PENYEWE

Hii ndo sehemu ambayo laiti ningeijua siku ile. Chukua zile mbao mbili za mti mgumu, mninga au mkongo, zilizopigwa randa zikanyooka, ndefu kuliko pespeksi. Weka pespeksi katikati yao kama sandwichi, mstari wako ulingane kabisa na ukingo wa juu wa mbao zote mbili, ile ziada ya milimita mbili ichomoze juu. Bana kwenye jiliwa, au klampu mbili pembeni ya meza. Pitisha kucha juu ya mbao kuona kama ziko sawa, kucha inahisi vitu ambavyo jicho linapitiwa.

Sasa mbao ndo rula yako. Randa iweke kina kidogo mno, unyoaji uwe mwembamba kama karatasi ya sigara. Piga kuanzia mwisho mmoja kuja katikati, halafu zunguka upige kutoka mwisho wa pili kuja katikati. Usimalizie randa nje ya kona, ikitoka nje inamega kona kijipande kama jino la mtoto na hakirudi. Maranda mazuri yanatoka yamejikunja mazima. Yakitoka vumbi na makelele, noa. Nilishangaa mara ya kwanza maana nilidhani randa ni ya mbao tu, lakini akriliki inapigwa randa safi kuliko mti wenye mafundo.

Huna randa? Tupa bapa, uishike mikono miwili kulalia ukingo na kuivuta kwa urefu wa ukingo, sio kuisukuma kukatisha, ukikatisha inatikisa shiti na kuacha meno meno. Safisha meno ya tupa kwa brashi ya waya kila mara kwa sababu chenga zikijaa zinaanza kuchuna. Ukifika kwenye mbao utasikia sauti inabadilika, kutoka mlio mkavu wa plastiki kwenda mlio wa mti, hapo acha.

Wenye ruta, ile mashine ya umeme ya kuchonga kingo, na biti ya beringi mnacheka tu, nyie bandikeni kiolezo kilichonyooka chini na gundi ya tepu ya pande mbili mpitishe, milimita 1 kwa safari moja, mkisukuma kupingana na mzunguko wa biti, dakika mbili kazi imeisha.

Kuhusu kupeleka kwa wenye mashine ya leza: kwa kukata kipande kipya kutoka mwanzo ni nzuri mno, mchoro uwe kwenye milimita na ukingo unatoka unang'aa. Lakini kipande kilichokwisha katwa ukitaka kupunguziwa milimita 2 fundi atahangaika kukiweka sawa kwenye meza ya mashine, na usithubutu kumpelekea plastiki usiyoijua, PVC ikichomwa na leza inatoa gesi kali ya hidrojeni kloridi, inaua mashine na mapafu.

UKINGO

Ukitoka kwenye randa ukingo uko mweupe hafifu. Kwanza kwangua, tumia mgongo wa bledi ya msumeno wa chuma, ule upande usio na meno, usimamishe karibu wima na uvute kwa urefu, alama za msumeno zinaisha haraka kuliko msasa. Vunja na yale makali ya pembeni kidogo, yanakata vidole vibaya. Kisha msasa juu ya kipande cha mbao bapa, wa maji, 220, 400, 600, 1000, kila hatua usiruke kabla alama za hatua ya nyuma hazijaisha. Kwa dirisha linaloingia ndani ya fremu mimi naishia 400, nani ataona. Kama ukingo unaonekana malizia na dawa ya meno nyeupe au Brasso kwenye kitambaa laini.

Kuna wanaopitisha moto wa gesi ukingoni ung'ae kwa sekunde moja, inapendeza kweli, ila moto unaacha mkazo ndani ya plastiki na ukija kupaka gundi baadaye inachanua nyufa ndogondogo. Na hapohapo, usifute pespeksi kwa thina, petroli wala spiriti. Kipande changu cha pili, baada ya kazi yote hiyo, kilikuwa na gundi ya tepu nikafuta kwa thina, jioni kilikuwa safi, asubuhi ukingo mzima una utando wa nyufa kama wa buibui. Gundi ya tepu toa kwa mafuta ya kula kisha osha kwa maji ya sabuni. Vumbi nalo usilifute kavu, litachora, limwagie maji kwanza.

MATUNDU NA KUFUNGA

Nilihitaji tundu moja la waya wa kipimajoto na manne ya skrubu. Biti mpya kali ya chuma inang'ata akriliki na kuivuta juu, pale inapotokea upande wa pili ndo inapasuka. Kwa hiyo biti yangu ya pespeksi nimeibutua kidogo makali yake kwa jiwe la kunolea ili ikwangue isichimbe. Weka plaiwudi chini, bana vyote pamoja, anza na biti ndogo ya milimita 2, drili spidi ya chini, ingia toka ingia toka chenga zisijae, na ukikaribia kutokeza punguza mkono kabisa. Tundu likae mbali na ukingo, angalau mara mbili ya upana wake. Skrubu ya milimita 4 itobolee 5 au 6, ile nafasi ya kutanuka tena. Ukikata pembe ya ndani, mfano sehemu ya komeo, toboa tundu kwanza kwenye kona halafu mikato ije kuishia kwenye tundu, kona kali ya ndani ni mwanzo wa ufa.

Skrubu ziwe za kichwa bapa chini na washa, zile za kichwa cha kuzama zinapanua tundu kama kabari. Kaza mpaka zishike halafu rudisha robo mzunguko. Mimi mwishoni hata skrubu nilizipunguza, dirisha nimelishika kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa kwenye fremu pande zote, pespeksi inakaa inacheza kidogo ndani na pembeni nimeziba hewa kwa ukanda wa sponji. Balbu nimeisogeza isiwe inatazama dirisha kwa karibu.

Karatasi ya kinga nilikuja kuibandua siku ya kuweka mayai, taratibu kutoka kona moja, vumbi lote la nyumba likaja kujibandika palepale maana ukibandua inavuta vumbi kama sumaku, nikapitisha kitambaa chenye maji ya sabuni, nikafunga mlango, nikaanza kuhesabu siku 21.